Mashine ya Kijivu ya Ng'ambo

Jumatatu, 1 Agosti 2011

Daftari hili kaninunulia Rozi. Anasema, mama, mengine uwe unaandika badala ya kuyamwaga yote sokoni. Mtoto mjuvi. Nikamwuliza, nikiwa na cha kusifia nikisifie wapi, chooni? Akacheka mpaka akakaa chini.

Basi naandika. Darasa la saba langu la Nanyala halikwenda bure. Mwandiko wangu ulikuwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, hapo mtu ajijazie mwenyewe.

Habari ya leo ni kubwa. Rozi wangu ameitwa Mbeya. Kuna Bwana Sadock, ana studio ya muziki, amesikia kitu ambacho Rozi aliwatengenezea vijana wa kanisani kwa ajili ya sherehe yao. Si kuimba. Ni ule mdundo wa nyuma, wenyewe wanaita biti. Wameitwa watatu, wavulana wawili na wangu. Kila mmoja apeleke biti mpya Jumamosi ya tarehe 27, aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mmoja atapewa kazi pale studio. Na biti yake itapigwa redioni. Redio hiyo hapa Tunduma inasikika hadi kwenye vibanda vya chipsi.

Shida iko hapa. Siku zote Rozi alikuwa anatumia kompyuta ya Andongwisye, yule kijana mwenye stationari. Wiki jana umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikatoa moshi. Imekufa. Siku ishirini na sita zimebaki na mtoto hana cha kufanyia kazi.

Nimemwambia atapata mashine yake mwenyewe. Ana miaka ishirini na moja, hajawahi kuniomba hata viatu vya sikukuu. Hii nitamtafutia.

Ketrina wa meza ya jirani nimemwambia. Na mama wa mchele. Na yule askari wa geti la mpakani. Basi, hao tu.

Jumatano, 3 Agosti

Rozi amenieleza habari za mashine. Mimi nilikuwa nachambua maharage, mwaka huu ya njano yana mawe balaa, kwa hiyo mengine yalinipita. Ila nimeelewa.

Ziko mbili, mtumba kutoka Sauzi, kwa Ba Chanda, fundi mwenye duka ng'ambo ya mpaka, Nakonde ya Zambia. Nyeusi ni mashine ya ngoma. Ngoma zake zimo ndani tayari, unabonyeza inapiga. Kijivu inaitwa sampla, ina vitufe kumi na sita vya mpira, vikubwa kama vipande vya sabuni.

Rozi anaitaka ya kijivu. Anasema haina sauti yake hata moja. Unailisha wewe. Unairekodia kitu, mlango, debe, mtu anakohoa, inakikata vipande, kila kitufe kinashika kipande chake, halafu unavipiga hivyo vipande kama ngoma.

Nikamwuliza, sasa kwa nini usichukue iliyokuja na vitu vyake? Mtu anapanga nyumba yenye paa, hapangi kiwanja.

Akasema, mama, zile ngoma za nyeusi ziko kwa kila mtu. Nataka ya kijivu. Utakumbuka? Ya kijivu.

Nitakumbuka. Mimi si bibi yake.

Bibi yake huko Nanyala ndiye ametoa kahawa ya kununulia. Lakini amesema mjukuu aende akaichume mwenyewe. Rozi ameondoka leo, atarudi Jumapili. Kununua nitakwenda mimi Jumamosi kwa fedha yangu ya maharage, ya kahawa itairudishia, kabla mtu mwingine hajaziona.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimenunua. Na imekuwa vizuri kwamba nilikwenda mimi, maana mtoto angeliwa mchana kweupe.

Niandike ilivyokuwa. Mwaka 1998 niliuziwa redio ng'ambo, nzito, inang'aa. Kufika nyumbani ndani yake kuna tofali limefungwa gazeti. Tangu siku hiyo nikaweka sheria: kisichosema dukani hakiingii kwangu. Ndiyo maana leo mtu wa mtaa wetu akitaka kununua redio, pasi, jenereta, ananichukua mimi nikamjaribie. Mimi ndiye naiweka kwenye umeme, mimi ndiye nasema ichukue au iache. Sijawahi kukosea. Mchungaji mwenyewe, spika za kanisa nilimchagulia mimi.

Basi nikafika kwa Ba Chanda. Jumamosi saa tano, duka limejaa, watu wa kule na wa huku. Akanisalimia vizuri, mwaiseni bamayo, karibu mama. Ba Chanda ni mtu wa heshima, mwembamba, hutengeneza vitu kwa mikono yake na hapendi kelele. Ukutani ametundika kipande cha boksi, ameandika: KIKIVUKA HAKIRUDI. Yaani bidhaa ikishavuka mpaka, usimrudie.

Nikasema nataka ya kijivu. Akaiweka kwenye umeme. Kikawaka kitaa kimoja cha kijani. Nikabonyeza kitufe cha kwanza. Kimya. Cha pili. Kimya. Nikabonyeza vyote kumi na sita, kimoja kimoja, kama mtu anayeangalia meno ya mtoto. Kimya.

Ba Chanda akasema, bamayo, hii hailii yenyewe mpaka uipe kitu.

Nikamwuliza, niipe nini, chai?

Watu wakacheka. Nyuma yangu walikuwa kama kumi na tano.

Nilikumbuka Rozi alisema kitu juu ya kulisha. Lakini hata mtoto mchanga ambaye hajalishwa analia. Tena yeye ndiye analia zaidi. Nikampigia Rozi mara tatu, kule kwenye kahawa hakuna mtandao. Ba Chanda akasema polepole, bamayo, si usubiri mtoto aje achague mwenyewe, sitaiuza.

Hapo ndipo aliponigusa pabaya. Mimi Getruda, watu wamenizunguka, nisubiri mtoto aje anichagulie.

Nikasema kwa sauti, Ba Chanda, hii ni maiti. Unauza maiti umeiwekea taa kichwani.

Duka zima likaangua kicheko. Mwanamume mmoja aliyekuwa na pasi mkononi akairudisha kwenye rafu akaondoka.  Ba Chanda akachomoa waya wa ile ya kijivu, akaizungushia kitambaa, akaiweka chini ya meza.

Nyeusi alipoiwasha – jamani. Taa nyekundu, taa za bluu, ngoma duka zima. Mpaka mkaanga mihogo wa nje aliingia kuangalia. Nikasema hii.

Nimevuka nimeibeba mgongoni na kitenge kama mtoto. Nilipofika getini habari ilikuwa imeshanitangulia. Yule askari ananiuliza, mama, maiti umeiacha salama?

Ketrina nimemwambia yote. Na kwaya nzima kwenye mazoezi.

Jumapili, 7 Agosti

Rozi amerudi, vidole vimekuwa vya kahawia kwa utomvu wa kahawa. Nilikuwa nimeiweka mashine mezani, nimeifunika kitambaa cha kufuma. Nikafunua.

Aliitazama. Akasema asante mama. Halafu akasema tena asante mama.

Nikamweleza habari ya maiti na jinsi watu walivyocheka. Alikuwa anaosha vikombe. Vilikuwa vimeshaoshwa.

Baadaye akaiwasha, nikawaita majirani. Watoto wamecheza mpaka vumbi likatimka uani. Nina furaha. Naandika nina furaha.

Jumanne, 9 Agosti

Rozi anafanya kazi. Anavaa vile vya masikioni, anabonyeza, anafuta. Anabonyeza, anafuta. Ugali anaumega kidogo.

Nikamwuliza, inakwendaje? Akasema inakwenda.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimesikia jambo.

Nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo. Andongwisye alikuja, wakakaa na Rozi kwenye kibaraza. Rozi akampa asikilize. Andongwisye akavua vile vya masikioni, akasema, dada, kazi umefanya, lakini hizi ngoma ni zilezile. Yule mshindani wako wa Vwawa naye anapeleka hizihizi, zimo kwenye simu yake. Bwana Sadock atasikia sekunde tatu atazima.

Rozi akasema najua.

Andongwisye: si ulimwambia ya kijivu?

Rozi: nilimwambia.

Andongwisye: kairudishe basi.

Rozi akasema kikivuka hakirudi. Halafu kule amemtukana mtu dukani kwake. Mambo hayo yaache. Nitapeleka hii hii. Na wewe usije ukamwambia mama, alifurahi sana.

Nilibaki nimeshika shuka. Nimesimama na lile shuka mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha nikapita mlango wa nyuma nikaingia ndani, nikajifanya naimba.

Ijumaa, 12 Agosti

Sokoni leo nimempa mtu choroko alikuwa anataka maharage. Ketrina akasema, mama Rozi leo vipi, umetekwa? Akacheka. Sikucheka.

Mtoto ananificha kosa langu kama mimi ndiye mtoto.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimekwenda ng'ambo mapema duka halijachangamka. Nyeusi mgongoni. Rozi nimemdanganya nakwenda kumwonyesha shangazi yake.

Ba Chanda alikuwa anafagia. Nikamwamkia kwa heshima zote, mpaka magoti nikakunja kidogo. Nikamwambia, baba, nimekuja tubadilishane. Ile ya kijivu bado ipo?

Akasema ipo. Kuna mwalimu wa kwaya wa Kasama ameiulizia, atapita kuichukua Jumamosi ijayo mchana.

Nikasema basi nipe mimi, chukua hii.

Akaegemea ufagio. Ba Chanda akiongea Kiswahili anakiweka chini kama mtu anayepanga mayai. Akasema, bamayo, ukuta umeuona. Kikivuka hakirudi. Lakini mimi naweza kuuvunja ukuta wangu mwenyewe. Siku ile ulisimama hapo, akanionyesha mahali kwa ufagio, ukasema nauza maiti. Tangu siku ile watu wanaingia wananiuliza, Ba Chanda, leo maiti ngapi? Mimi natengeneza vitu miaka kumi na minane. Basi njoo Jumamosi. Usimame palepale. Saa ileile, duka likijaa. Useme ulikosea. Halafu tutabadilishana, na hata ngwee moja ya nyongeza sitaki.

Nikamwambia, lakini baba, nakuambia sasa hivi hapa, nilikosea.

Akasema, sasa hivi tuko wawili. Siku ile hatukuwa wawili.

Nimerudi na nyeusi yangu mgongoni. Nzito leo.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimefikiri nikaona nitatumia njia ya wazee. Kwetu mtu ukimkosea mwenzio unamtuma mkubwa mmoja na kuku, yeye anakuombea, mnakula, limekwisha. Wewe mwenyewe unakaa kimya pembeni unaangalia chini. Utaratibu mzuri sana.

Nimemwomba Mzee Jonasi wa baraza la kanisa. Nimempa jogoo wangu mwekundu, yule anayenisaidia kuamka. Mzee Jonasi ananiuliza kosa lenyewe nini. Nikamwambia ni kutoelewana kidogo kwa biashara.

Jumatano, 17 Agosti

Mzee Jonasi amerudi. Ba Chanda amempokea vizuri sana, amempa soda na kiti. Jogoo amempokea pia, ameshukuru, natotela nyingi. Akasema jogoo atampika Ijumaa, na Jumamosi iko palepale.

Halafu Mzee Jonasi akaniangalia. Akasema, binti yangu, kumbe yule mama wa maiti ni wewe?

Sasa asubuhi hakuna wa kuniamsha.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimemwambia Rozi. Nilidhani itakuwa ngumu, nikamwambia huku namenya viazi, bila kumwangalia. Nikasema nilikusikia na Andongwisye. Nikasema Jumamosi twende wote.

 Akasema, mama, usiende. Nitapeleka hii nyeusi, nimeshaizoea.

Nikamwambia muongo wewe, umemrithi nani.

Akacheka, lakini macho yake yamejaa. Akachukua kisu cha pili, tukamenya wote. Tumemenya viazi vya watu kumi, tuko wawili.

Jumamosi, 20 Agosti

Ngoja niandike kabla sijaanza kuipamba.

Nilivaa sare ya kwaya. Rozi kabeba mashine, mimi nimebeba mkoba mtupu, sijui kwa nini. Kwenye geti yule askari akataka kutania, akaniona uso, akaacha.

Saa tano dukani. Wamejaa. Nikaenda nikasimama palepale alipoonyesha kwa ufagio. Ba Chanda yuko nyuma ya meza anafunga skrubu ya redio. Aliniona. Aliweka bisibisi chini.

Mimi huwa sikosi neno. Leo nilisimama hapo mdomo mkavu kama nimekula unga. Mtu mmoja akasema, mama sogea tupite. Sikusogea.

Nikaanza kwa sauti ndogo. Ba Chanda akasema, bamayo, siku ile nilikusikia mpaka stoo.

Basi nikapaza. Nikasema: Nilikosea mimi. Niliiita maiti, haikuwa maiti. Ni nzima. Mimi ndiye sikujua. Nilikosea.

Nilisema nilikosea mara mbili, ile ya kwanza ikakatika katikati, sauti ikapanda juu kama ya msichana. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Mwanamke mmoja wa kule mwenye mtoto mgongoni alisema taratibu, ee mukwai, yaani ndiyo, ile ya heshima. Basi.

Ba Chanda akatoka nyuma ya meza. Akachuchumaa, akapiga makofi yale ya heshima ya kwao, viganja vimekunjwa kama kikombe, polepole. Kwangu mimi. Mbele ya watu. Sikujua niangalie wapi.

Akaipokea nyeusi, akainama chini ya meza, akatoa ya kijivu, bado iko kwenye kitambaa kilekile. Akaiweka kwenye umeme. Kisha akamsogezea Rozi maikrofoni ndogo yenye waya, akagonga meza kwa kidole, ko, ko. Rozi akabonyeza kitu. Halafu akabonyeza kitufe cha kwanza. Ko, ko. Meza ya Ba Chanda imetoka ndani ya mashine. Duka likasema aaah.

Ilikuwa rahisi hivyo. Ko, ko. Angenigongea meza siku ile – lakini siku ile mimi nilikuwa sisikilizi.

Njiani Rozi alinishika mkono. Mkono mwingine alikuwa ameshika simu yake, ameikumbatia kifuani toka tuko dukani. Nilidhani anaogopa wezi.

Jumatatu, 22 Agosti

Siku tano zimebaki. Nyumba imegeuka machimbo. Rozi analisha mashine yake. Maharage yangu ameyarekodi yakimwagika kwenye debe, mara ishirini, nimeyaokota mpaka chini ya kitanda. Ameyarekodi malori yakipumua breki kwenye foleni ya mpakani. Amerekodi mizani yangu ikigonga. Jana alikwenda Nanyala na kurudi siku hiyohiyo kurekodi mashine ya bibi yake ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono.

Amenisikilizisha kidogo. Lori linapiga kama ngoma kubwa. Maharage yanakuwa kama kayamba. Na ile ya kahawa inazunguka chini kwa chini, grrru, grrru, na mimi nimekulia kwenye sauti hiyo, nilikuwa naizungusha nikiwa na miaka saba. Nilishika ukuta.

Nimemwambia Ketrina, mashine hii haina kitu ndani, ni mwanangu ndiye ameijaza. Ketrina akasema, ndiyo ile maiti? Nikamwambia ndiyo ile, imefufuka.

Naona nimepona.

Jumanne, 23 Agosti

Kuna kitufe kimoja Rozi amekibandika plasta. Cha mwisho, pembeni kulia. Nikitaka kukibonyeza ananishika mkono. Anasema bado.

Alhamisi, 25 Agosti

Nimekibonyeza.

Rozi alikwenda kuteka maji. Mashine imewaka mezani, spika ndogo ya Andongwisye pembeni. Nikabandua plasta. Nikabonyeza.

Ikatoka sauti yangu. Nilikosea mimi. Ile ile ya dukani. Inakatika palepale ilipokatika, inapanda juu palepale. Nikaiacha, ikarudia yenyewe. Nilikosea mimi. Nilikosea mimi. Na chini yake lori linapiga, na mashine ya mama yangu inazunguka.

Rozi aliingia na ndoo kichwani, akaniona. Hakuitua.

Nilimwambia maneno. Mengine siandiki. Nikamwambia nilikwenda kule kwa ajili yako, wewe ukanirekodi kama mwizi. Nikamwambia unataka nchi nzima inicheke, mama wa maiti kwenye redio, mchana na jioni, na mimi nimekaa sokoni naisikia kila kibanda.

Akatua ndoo. Akasema, sikukurekodi nikucheke. Nilikuwa narekodi duka kwa simu. Watu, pasi, mlango. Nilitaka sauti za duka tu. Halafu wewe ukaongea. Mama, tangu nizaliwe sijawahi kukusikia ukisema neno hilo. Hata kwa baba hukuwahi, mpaka amekufa. Nilivyofika nyumbani nikalisikiliza, nikaona biti yote inalitafuta hilo neno.

Nikamwambia litoe.

Akasema, nimetengeneza mbili. Moja ina sauti yako, nyingine haina. Isiyo nayo ni nzuri. Yenye nayo... Andongwisye aliisikia akatoka nje, akasimama barabarani. Lakini sauti ni yako. Ukikataa nitapeleka ile nyingine, na sitakulaumu, leo wala kesho.

Nikasema nakataa.

Akasema sawa mama. Akabandika plasta upya, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka ikakaa.

Ijumaa, 26 Agosti

Hatujaongea sana. Amenipigia pasi sare ya kwaya, sikumwomba. Anasema kesho twende wote, hawezi kuingia peke yake.

Sokoni nimekaa nikisikiliza redio za vibanda. Nimejaribu kujisikia mle ndani. Wauza chipsi wanaosha vyombo, madereva wa malori wanasubiri, na mimi katikati yao, nilikosea mimi. Nikaona aibu mpaka nikajifunika khanga, na hakuna aliyesema kitu.

Halafu nikajaribu kuisikiliza kama ya mtu mwingine. Mwanamke fulani tu. Nikaona huyo mwanamke ningemwongezea maharage.

Rozi sijamwambia hilo. Hili linabaki kwenye daftari.

Jumamosi, 27 Agosti

Mbeya. Niko kwenye benchi nje ya studio, daftari kwenye mapaja. Tumefika saa tatu. Ukuta una magodoro yamepigiliwa ili kelele zisitoke, lakini mlango ni mbao tupu, nasikia kila kitu.

Wa kwanza kaingia kijana wa Vwawa. Ngoma zilezile, nimezijua toka mpigo wa kwanza, ni zile nyeusi yangu ilizokuwa inapiga kule dukani kwa taa na mbwembwe. Zimezimwa haraka. Ametoka hamtazami mtu.

Wa pili kakaa zaidi. Huyo ni mzuri, niseme ukweli. Ana gitaa la babu yake amelikatakata vizuri. Bwana Sadock alimrudisha apige tena. Ametoka anatabasamu, amekwenda kunywa soda.

Rozi kaingia. Namsikia anachomeka nyaya. Kuna sauti ya mwanamume inamwambia, dada, una nafasi moja, kazi moja tu, sina muda wa mbili. Rozi anasema nisamehe baba, dakika moja.

Mlango umefunguka. Ni yeye, amesimama kizingitini, nyuma yake naiona ile ya kijivu mezani, kitaa cha kijani kinawaka. Plasta iko mahali pake.

Hajanibembeleza. Amesema tu, mama, wanasubiri, napiga ile nyingine. Nimekuja tu kukuambia usiogope.

Nimemwambia subiri nimalize mstari.

Anasubiri. Bwana Sadock anaita kutoka ndani, vipi, tunaendelea? Rozi anasema naam, tunaendelea, lakini hajaondoka, anaangalia kalamu yangu. Nimempa daftari alishike na khanga yangu aishike – hapana, daftari nimelichukua tena. Nimesimama. Naandika nimesimama, mwandiko wa pili darasani umekwisha kabisa. Kutoka hapa hadi pale mezani ni hatua sita. Rozi ananiuliza, mama, unakwenda wapi? Ile plasta ina ncha moja imebanduka kidogo, naiona toka hapa, na nakwenda kuibandua yote.